Siku Baba Alipovunja Banda la Mama

Kabla hajawa meya, baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mpaka leo ukimpa karatasi yoyote yenye maandishi ataitafutia makosa. Tangu alipokuwa diwani, watu walikuwa wakija nyumbani kwetu Buguruni kila asubuhi na barua zao. Huyu anataka mtaro wa mbele ya nyumba yake uzibuliwe, yule jirani kamwingilia kiwanjani, mwingine anaomba binti yake apatiwe nafasi ya shule. Baba alizisoma akiwa amesimama barazani, kalamu nyekundu mkononi, akisahihisha kwanza tahajia ndipo aende kwenye shida yenyewe. Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma aliwahi kurudishiwa barua yake aiandike upya. Aliondoka akinung'unika, kesho yake akaileta ikiwa safi, na alikuja kutuambia mwenyewe kwamba ndiyo barua pekee maishani mwake iliyojibiwa na serikali.

Tulikuwa watoto wawili, dada yangu na mie. Wazazi wetu ni watu wa Newala. Walikuja Dar baba alipopata uhamisho, dada akiwa bado anabebwa mgongoni. Walipanga vyumba viwili katika nyumba ya familia nyingi, choo cha pamoja uani, na tuliendelea kuishi hapohapo hata madiwani wenzake walipomchagua baba kuwa meya. Majirani walidhani tutahama ndani ya mwezi. Baba alisema anajenga Madale polepole, nyumba ikipata bati tutahamia. Ilichukua miaka sita kupata bati. Kwa hiyo muda wote wa umeya wake gari la ofisi lilimshusha barabarani, kwa kuwa uchochoro wetu haukupitisha gari, na meya akawa anapita katikati ya kamba za nguo za watu, akiinama ili asiguse mashuka, huku akiitikia shikamoo za watoto.

Siku aliyokabidhiwa kiti walimvisha joho jekundu na mkufu mzito. Sie tulikaa safu ya wageni. Mama alimtazama muda mrefu, kisha akatuinamia akanong'ona kwamba baba yenu leo amekuwa kama mwanakwaya. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kanisa, na sie Waislamu tuliwajua wanakwaya wake mmoja mmoja kwa kuwachungulia ukutani. Dada alicheka kwa sauti mpaka karani wa kikao akageuka kututazama.

Mama alikuwa mama lishe. Banda lake lilikuwa kando ya barabara, si mbali na makutano: nguzo za miti, bati juu, mabenchi matatu na jiko kubwa la mkaa. Alilianzisha enzi ambazo mshahara wa ualimu ulikuwa ukichelewa, na hakuona sababu ya kulifunga kwa vile mumewe sasa ana mkufu. Alipika wali wa nazi, maharage na samaki wa kukaanga, na ndugu wakija kutoka kusini na ming'oko, vile viazi pori vya kwao, aliichemsha akaiweka pembeni kwa ajili ya watu wa kwao tu. Mke wa kiongozi mmoja alipomshauri aache kupika barabarani kwa sababu haipendezi, mama alimwuliza kama na yeye mume wake ameacha kula.

Nyumbani alimwita baba Mwalimu. Wengine wote walimwita Mheshimiwa, yeye alisema aliolewa na mwalimu na hakuna aliyemjulisha kwamba ndoa imebadilishwa.

Mita chache kutoka kwenye banda la mama kulikuwa na meza ya chapati na chai ya mjane mmoja kutoka Songea. Hatukuwa na undugu naye, lakini tulimwita Mamdogo, na alitugombeza kama mamdogo hasa. Nikitoka shule nilipitia kwake kabla ya kwenda kwa mama. Aliniwekea chapati zilizoungua upande mmoja, ambazo hakuweza kuwauzia wateja, nami nilizipenda hizohizo.

Nilipokuwa darasa la tano masika yalikuwa mabaya. Maji yaliingia vyumbani, tukalala juu ya meza na masanduku, na choo cha uani kikafurika. Kila mtu alijua sababu. Mtaro wa zamani wa barabarani ulikuwa umefukiwa na kujengewa meza na mabanda, la mama likiwemo. Baraza likaamua kwamba vyote viondolewe ili mtaro uchimbwe upya, na wafanyabiashara wahamie soko jipya lililokuwa likimaliziwa nyuma ya barabara. Gari la matangazo lilipita wiki mbili nzima.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoingia. Mchana mmoja Mamdogo alinipa chapati, akaniuliza baba anasemaje kuhusu hiyo bomoabomoa. Baba hakuwa amesema lolote. Alikuwa hazungumzi mambo ya ofisi mbele yetu. Lakini kulikuwa na wateja wanne pale, wanaume wazima, na wote waliacha kutafuna wakanitazama mie, mtoto wa meya. Sijasahau raha ya kutazamwa vile. Nikawaambia kwamba karibu na banda la mama hawatagusa, kwani baba anaweza vipi kuvunja kwake?

Kesho yake Mamdogo alisogeza meza yake ikaegemea banda la mama. Keshokutwa akaja muuza vitumbua, halafu fundi viatu, halafu kijana wa juisi ya miwa na mashine yake. Ndani ya siku chache mama alikuwa amezungukwa pande zote. Yeye alifikiri wanafuata wateja wake, akalalamika kidogo kuhusu moshi wa vitumbua, basi.

Nyumbani mama alimwuliza baba mara moja tu. Nilikuwepo, nafanya hesabu sakafuni. Alimwuliza na yeye afanyeje. Baba alikuwa anakula. Aliweka kijiko chini akamwuliza kama tangazo hakulisikia. Mama akasema amelisikia. Baba akasema basi, akaendelea kula. Baba mpaka leo anaamini kwamba alimjibu. Mama anasema alidhani amechoka na kwamba atakuja kusema naye vizuri baadaye, kama mume na mke. Nimewasikiliza wote wawili mara nyingi na kila mmoja hajabadilisha hata neno.

Mgambo walikuja Jumamosi asubuhi na lori. Walianzia upande wa nje, na meza ya kwanza waliyoikuta ilikuwa ya Mamdogo. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa amekwenda Temeke kumwona dada yake aliyelazwa. Wakaipakia meza, mabenchi mawili, jiko na kikaango. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pipa la maji la mama, hatua tano hivi kutoka kwenye lori. Ningeweza kusema ni ya nani. Ningeweza kusema mwenyewe yuko hospitali, tuishushe tumwekee ndani. Nilikaa kimya, kwa sababu macho ya wale waliohamia pale yalikuwa yameanza kunitafuta.

Walipofika kwenye banda la mama wakasimama. Kiongozi wao alivua kofia, akampa mama shikamoo, akasogea pembeni kupiga simu. Watu wakajaa. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, tuone sasa.

Baada ya kama nusu saa baba alitokea uchochoroni. Nilitegemea suti. Alivaa shati la kazi alilozoea kwenda nalo Madale kusimamia mafundi, na mkononi alikuwa na nyundo yetu ya nyumbani. Alisalimia watu, wakaitikia kwa sauti ya chini, kisha akaenda moja kwa moja kwa mama.

"Mama watoto, toa vyombo," alisema.

Mama alikuwa ameshika mwiko.

"Ungeniambia nyumbani."

Baba alipanda juu ya benchi akaanza kung'oa misumari ya bati. Hakuwa fundi. Nyundo ilimteleza mara mbili, mara ya tatu ikamponda kidole, akakinyonya akaendelea. Fundi viatu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alipanda upande wa pili akashika bati lisianguke. Mama akaanza kutoa sufuria moja baada ya nyingine, akinikabidhi. Na wale wengine, walipoona meya anang'oa kwake mwenyewe, kila mmoja akageukia chake. Wengine walilaani, muuza vitumbua alilia, lakini walivunja kwa mikono yao, taratibu, wakaokoa mbao na mabati yao. Mgambo wakageuka wabebaji. Kabla ya saa tano pale palikuwa peupe, na juu ya lori kulikuwa na vyombo vya mtu mmoja tu.

Kuanzia jioni ile mama alimwita baba Mheshimiwa. Mheshimiwa, chai yako. Mheshimiwa, maji ya kuoga tayari. Hakununa, hakugombana, chakula kilikuwa kizuri kama kawaida. Baba alikuwa anakunywa ile chai kama anakunywa dawa.

Dada alikuwa amejua habari yangu kutoka kwa mtoto wa muuza vitumbua. Alinivuta uani akaniambia nina mpaka Jumapili niwe nimemwambia baba. "Ukimwambia mwenyewe utaadhibiwa mara moja," alisema. "Nikimwambia mie, mara mbili."

Nilimwambia baba Jumapili asubuhi, akiwa barazani na barua zake. Nilitegemea kofi. Alifunika kalamu akaniuliza kwa utaratibu, kama anayesimamia mtihani wa kusoma. Mamdogo aliuliza nini hasa? Nikamjibu kwa maneno gani? Nilikuwa nalijua hilo jambo? Nikasema silijui. Akaniuliza kwa nini basi sikusema sijui. Nikaanza kulia.

"Sijui ni neno fupi," alisema. "Hata darasa la kwanza wanaliandika."

Kisha akavaa viatu, tukaenda kwa Mamdogo.

Alikuwa amepanga chumba upande wa pili wa barabara. Alituwekea kigoda kimoja, baba akakaa, mie nikasimama. Niliyasema yote, hata la kunyamaza nyuma ya pipa, ambalo nilikuwa sijamwambia baba. Mamdogo alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele kwenye ungo.

"Mwanangu, wewe hukunidanganya," alisema. "Nilijidanganya mie. Mtu mzima gani anamuuliza mtoto wa darasa la tano mambo ya halmashauri?" Akatoa kokoto, akaitupa mlangoni. Halafu akamgeukia baba. "Ila wewe, Mheshimiwa, mkeo ungemwambia."

Baba akasema kwamba kama angemwambia yeye kando, angekuwa amempa nafasi ambayo wengine hawakuipata.

"Mkeo si wengine."

Baba akainuka kwenye kigoda, akaaga. Tukiwa njiani kurudi nyumbani alinishika mkono ingawa nilikuwa mkubwa wa kutoshikwa.

Yaliyofuata ameyasimulia mama zaidi ya baba. Baba hakuwa mtu wa kuomba msamaha kwa mdomo, kwa hiyo alifanya alichokijua: aliandika barua. Aliiacha juu ya meza ya jikoni ikiwa ndani ya bahasha, na mama akaifungua akiwa na sie. Ilikuwa na tarehe, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na aya mbili. Aya ya kwanza ilieleza umuhimu wa mtaro. Ya pili ilianza: ninaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Mama, aliyeishia darasa la saba, alikwenda barazani akachukua kalamu nyekundu ya baba, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake akaandika: rudia.

Aliirudia. Barua ya pili hatukuiona, na dada aliitafuta sana, hata chini ya godoro. Lakini asubuhi iliyofuata mama aliita kutoka jikoni kwamba chai tayari, Mwalimu, na baba alitoka chumbani upesi, shati halijafungwa vifungo.

Soko jipya lilipofunguliwa, nafasi ziligawiwa kwa kuokota vikaratasi kwenye ndoo. Wapo waliosubiri kuona mke wa meya ataokota nini. Aliokota nafasi ya mwisho kabisa, kwenye kona ya jalala, ambako hata nzi walikuwa wanatafuta njia ya kutokea. Mamdogo aliokota nafasi ya langoni. Mama alikwenda kuipima ile kona yake kwa hatua, akarudi, akasema ni pazuri kwa kuwa kuna upepo. Mamdogo akamwambia aache utani. Yeye ana nafasi na hana vyombo, mama ana vyombo na hana nafasi, sasa wanasubiri nini? Walipika pamoja pale langoni miaka mingi, hata baada ya sie kuhamia Madale, chapati upande huu na wali upande ule. Kila Jumamosi baba alikuja kula. Alipanga foleni kama wengine, na kama samaki wamekwisha alikula maharage.

Mie mwenyewe sikukusudia siasa. Tulishahamia Madale, baba amestaafu, dada ni muuguzi Mwanza, nami nilikuwa karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Lakini kule Madale, milimani, kulikuwa hakuna maji, na watu wakijua baba yako alikuwa nani wanakuletea barua. Nikaanza kuwaandikia, nikaanza kuwafuatilia, mwishowe wakanisukuma nigombee udiwani. Baba nilipomwambia aliniuliza kama nimekosa kazi ya kufanya. Akasema jukwaani hatapanda, na hakupanda.

Mara ya kwanza niliangushwa ndani ya chama chetu na mwalimu mmoja mstaafu, mama anayeheshimika sana. Watu walisema mtoto wa meya amekuja kuchukua kiti kama urithi. Iliniuma. Mama alinipakulia chakula akasema wana haki, kwani nimewafanyia nini mpaka wanijue? Basi nikakaa miaka mitano kwenye kamati ya maji ya mtaa, nikigombana na mabomba, mpaka watu wakaanza kuniita kwa jina langu badala ya la baba.

Safari ya pili, kwenye mkutano wa kampeni, mwanamume mmoja alisimama akaniuliza daraja la korongoni litajengwa lini. Wenzangu jukwaani walishaanza kuitikia kwa vichwa kunipa moyo niseme mwaka kesho. Nikasema sijui. Nikasema nitauliza, na nikishapata jibu nitarudi hapahapa kuwaambia, hata likiwa baya. Uwanja ukanung'unika. Mtu mmoja tu ndiye aliyepiga makofi, safu ya mbele, mwanamke mzee aliyevaa kitenge cha bluu. Alikuwa Mamdogo; mama alikuwa amekwenda kumchukua Buguruni alfajiri, bila kuniambia, naye alipiga makofi peke yake mpaka watu wakaona aibu wakamsaidia.

Nilishinda kwa tofauti ndogo. Mamdogo alifariki mwaka uliofuata, tukamzika Kinondoni, na mama hakurudi tena sokoni. Alisema miguu inauma. Hatukumbishia.

Baba sasa ni mwananchi wangu. Ananipigia simu Jumatatu kuniarifu kuhusu taa za barabarani zisizowaka, na ananiita Mheshimiwa Diwani bila utani wowote. Mwezi uliopita aliomba nimchukue akasikilize kikao cha baraza. Alikaa nyuma, safu ya wananchi, na nilipokuwa nachangia hoja niliona kichwa chake kimeangukia kifuani. Kwenye gari, wakati wa kurudi, tulipopita Mwenge alinigeukia.

"Umesema mambo matatu," aliniambia. "Mawili yalitosha."

Nikamwuliza la kuondoa lilikuwa lipi, maana si alikuwa amelala? Akasema hilohilo lililomlaza. Kisha akanieleza, kwa mpangilio, hoja zangu zote tatu, na ya pili kwa kweli ilikuwa haina maana. Tulipofika Tegeta aliniomba nisimamishe gari. Nikasema ninaweza kushuka mie, lakini alikuwa ameshafungua mlango. Alisema mama anataka samaki, na samaki lazima aangaliwe macho. Nilimsubiri nikiwa nimeegesha vibaya, dereva wa bajaji nyuma yangu akipiga honi, nikimtazama baba yangu anainama kwenye meza moja hadi nyingine, akiwafunua samaki mashavu na kumuuliza kila muuzaji maswali.